Birika la Saa Saba

Soko la Kibuye siku ya Jumapili halina pa kuingilia wala pa kutokea. Unaingia kwa bega, unatoka kwa kiwiko. Wauza mitumba walikuwa wamepanda juu ya marundo yao wakiimba bei, mbuzi wakilalamika, redio zikishindana kila moja na wimbo wake, na katikati ya zahama hiyo alikuwa akipita msichana mwenye gauni la bluu la maua madogo, viatu vya kamba, na mtandio mweupe wa hariri aliotumiwa na shangazi yake kutoka Mombasa. Mtandio huo ulikuwa unaona jua kwa mara ya kwanza. Mwenyewe aliitwa Zeituni, bintiye Mzee Obeid, fundi cherehani wa Kaloleni, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua za watu katika ofisi ndogo katikati ya mji wa Kisumu.

Hajafika hata kwa wauza nyanya, tone la rangi nyekundu, zito kama tusi, likamwangukia begani, juu ya mtandio huo.

Aliinua macho. Juu ya ngazi alisimama kijana mwembamba, kofia ya gazeti kichwani, suruali imejaa rangi mpaka hujui iliposhonwa ilikuwa rangi gani. Alikuwa anamchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha.

"Samahani, dada," kijana akasema kutoka huko juu. "Hiyo ni sampuli tu. Ukiipenda, nitakumalizia na bega la pili."

Zeituni aliikamata ngazi kwa mikono miwili akaitikisa kama mtu anayeangua mapera. Kijana alilikumbatia bango la bucha, kopo likamponyoka, watu wakaacha biashara zao wakaja kuona mtu akifa. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akauliza kwa upole, "Yawa, msichana, ukimuua huyu, nani atamaliza ng'ombe?"

"Ng'ombe yupi?" Zeituni akasema. "Huyo ni kuku aliyevaa pembe. Tazameni miguu yake."

Watu wakatazama. Miguu kweli ilikuwa ya kuku. Kibuye nzima ikacheka, isipokuwa yule kijana. Alishuka, akamwambia kama anajua sana, ngazi hiyo hapo, apande achore yeye.

"Sipandi ngazi ya mtu. Mimi nitachora kwa kompyuta."

Hapo kijana alicheka mpaka akaketi chini. Mwaka huo wa tisini na saba, watu wengi wa Kisumu walikuwa wameiona kompyuta kupitia dirisha tu, ikiwa imefunikwa kitambaa kama maiti. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba inachora. Zeituni mwenyewe hakuwa na hakika. Shuleni, mwalimu wa bayolojia aliwaambia wachore moyo wa binadamu. Wa kwake mwalimu aliupa alama za kiazi kitamu. Lakini mdomo ulikwisha sema, na hasira ya Zeituni haikuwa na desturi ya kurudi nyuma.

"Njoo ofisini kwa bosi wangu Joram kesho saa saba," akamwambia. "Uje uone. Na uje na dawa ya kutoa rangi."

*

Ofisi ya Joram ilikuwa na kompyuta mbili, feni moja isiyozunguka, na sheria nyingi. Kompyuta ni za barua za wateja. Picha na michezo, marufuku. Atakayejaza mashine kwa upuuzi wake, atalipa. Lakini Joram alipenda tumbo lake kuliko sheria zake, na ikifika saa saba alikwenda nyumbani kula. Mpaka saa nane ofisi ilifungwa, Beldina, mpiga chapa mwenzake, alilala kichwa juu ya meza, na Zeituni akabaki peke yake na mashine.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na programu ya kuchora iliyokuja nayo tangu dukani. Hakuna aliyewahi kuifungua. Zeituni aliifungua. Mbele yake, juu ya kabati, palikuwa na birika la chai la ofisi, la alumini, limebonyea ubavu mmoja, mkono wake umefungwa waya. Akashika kile kidude cha kusukuma juu ya meza wanachokiita kipanya, akaanza kulichora.

Jamani, umewahi kujaribu kuandika jina lako kwa sabuni ya mche? Ndivyo ilivyo. Mkono unaenda kulia, mstari unaenda kwa jirani. Badru, maana ndilo jina la yule kijana, alipobisha mlango na chupa ya soda iliyojaa petroli ya kuoshea mtandio, alikuta kitu kwenye skrini. Akakitazama kwa muda, mikono nyuma, kama daktari.

"Bata huyu," akauliza, "alikufa lini?"

Zeituni alimfukuza. Petroli ilibaki. Kesho yake saa saba akalichora tena birika, na Badru akarudi tena, safari hii na mandazi ndani ya gazeti. Akasema bata amepata nafuu, lakini bado hawezi kusimama. Akafukuzwa, mandazi yakabaki. Siku iliyofuata hakuingia, alichungulia dirishani tu, akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka wodini. Zeituni alipiga meza kwa ngumi mpaka Beldina akaamka akidhani Joram amerudi.

Wako watu wanaofanya kazi kwa sababu wanaipenda. Zeituni alifanya kwa sababu alitaka siku moja tu, siku moja, yule mtu wa kofia ya gazeti anyamaze.

Kwa hiyo hakuacha. Mvua ikinyesha, birika. Siku za kufunga, wakati mwenye birika hata chai hanywi, birika. Akilichoka, alichora kikombe, au kufuli la mlango, au kichwa cha Beldina kilicholala, kisha akarudi kwa birika lake, kama mtu anayerudi kwa mdeni. Kila picha aliihifadhi kwenye disketi moja tu aliyopewa alipokuwa chuo cha kompyuta, maana Joram alikuwa akifuta chochote kisicho barua.

Na Badru, pamoja na mzaha wake wote, alikuwa mchoraji kweli, hata kama ng'ombe walimshinda. Alitoka Mumias kutafuta riziki, akapanga banda Nyalenda, na nusu ya mabango ya vinyozi na bucha za Kisumu yalikuwa ya mkono wake. Siku moja alisahau kutania. Alivuta kiti, akamwambia afumbe jicho nusu.

"Unaona nini?"

"Birika."

"Hapo ndipo unapokosea, mrembo. Birika uko nalo kichwani tangu utotoni, hulitazami. Usichore unachokijua. Chora unachokiona. Anza na kivuli chake. Ukipata weusi wake na weupe wake, birika litajileta lenyewe."

Zeituni alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa siku nyingi zilizofuata hakuchora mstari hata mmoja, ila madoa ya giza na madoa ya nuru, na siku moja, bila kualikwa, birika likaja. Lilikaa kwenye skrini na uzito wake, na ubavu wake uliobonyea, ungesema lina chai.

Lakini rangi zilikuwa chache, na baina ya nyeupe na kijivu mashine haikuwa na kitu. Hilo Badru hakuweza kumsaidia. Kwenye kopo yeye huchanganya kwa kijiti. Zeituni alivumbua mwenyewe. Alikuza picha mpaka ikawa vigae, akapanda kitone cheupe, kitone cha kijivu, kitone cheupe, kama mama anayechagua mawe kwenye mchele. Ukitazama kwa mbali, macho yenyewe yanachanganya.

Siku alipomaliza, Badru akaja, akasimama nyuma yake. Zeituni akasubiri mzaha. Haukuja. Alipogeuka, alikuta mtu amenyamaza kabisa, na uso wake una kitu ambacho msichana anakijua hata kama hajawahi kukiona. Badru akauliza polepole kama anaweza kumsindikiza jioni. Zeituni akasema barabara ni ya serikali.

*

Basi wakapendana, lakini usidhani waliacha kugombana. Walitembea hadi ufukweni wakala samaki wa kukaanga wakibishana juu ya rangi ya maji; Zeituni alisema ni ya kahawia, Badru akasema mwanamke asiyeona bluu haolewi. Siku ambazo hakuweza kuja, alipiga simu ofisini kutoka kibanda cha posta.

"Ofisi ya Joram, habari ya mchana."

"Habari ya mchana, Bibi Hasira. Nilitaka kuuliza birika limeamkaje."

"Limeamka salama. Limeniuliza yule kuku wa Kibuye anaendeleaje."

"Mpenzi, sarafu zinaisha. Niambie neno zuri haraka."

"Kata simu, watu wanafanya kazi," Zeituni alisema, na Beldina akamwona akitabasamu na ukuta.

Mambo yaliharibika kwa sababu yalikuwa mazuri. Mama mmoja aitwaye Agneta, msimamizi wa kiwanda kipya cha uchapaji pale mjini, alikuja kuandikiwa barua saa nane, ofisi ilipofunguliwa tu, akamkuta Zeituni hajafunga picha yake. Alitazama birika, akatazama birika la kabatini, akatazama tena skrini. Akasema kiwanda chake kimenunua kompyuta ya kuchorea kalenda na lebo, na hajapata Kisumu nzima mtu anayeweza kuitumia. Wanaokuja wanajua kupiga chapa tu. Zeituni aje Jumatatu saa tano, na aje na picha zake zote.

Usiku Zeituni hakulala. Kupiga chapa barua za watu ni kusema maneno ya wengine maisha yako yote. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe, na njia ya kwenda kwenye kazi hiyo ilikuwa kipande cha plastiki kinachotosha kiganja.

Ijumaa kabla ya siku hiyo mvua ilinyesha kama imetumwa. Kaloleni maji yaliingia nyumbani mpaka cherehani ya Mzee Obeid ikapandishwa juu ya meza, na wadogo zake Zeituni walikuwa na mikono isiyoacha kitu. Ofisini kwa Joram, mfuta picha, ndiko hakufai kabisa. Badru akasema banda lake liko kwenye mwinuko kidogo, halijawahi kuvuja.

"Nipe mimi. Nitaiweka mahali ninapoweka roho yangu."

Akampa.

*

Jumatatu asubuhi Badru alimletea disketi hadi mlangoni mwa ofisi, kavu, safi, imefungwa kitambaa, akaondoka mbio kwenda kwa mteja wake. Zeituni alikuwa amevaa gauni lake la kijani la Idd, kola imepigwa pasi mpaka inakata. Akasema acha atazame mara ya mwisho. Akaiingiza.

Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikaandika kwa Kiingereza chake baridi kwamba disketi hii haijaandaliwa, je, angependa iandaliwe?

Aliitoa, akaipuliza, akairudisha. Akaenda kwenye kompyuta ya pili. Beldina akasimama, akaja, akaweka mkono mdomoni. Hakukuwa na birika. Hakukuwa na kikombe, wala kufuli, wala kichwa cha Beldina. Miezi yote ya saa saba ilikuwa imekuwa kitu kipya kisichoandikwa neno.

Zeituni alitembea hadi Nyalenda katika matope na viatu vya Idd. Badru alikuwa nje ya banda anajaza rangi ya bluu kwenye bango kubwa la bati la kinyozi. Alimwuliza jambo moja tu: uliiweka wapi?

Kwa fahari kabisa Badru alimwonyesha. Ndani, ukutani, palikuwa na bati pana, na juu ya bati vitu vyake vyote vya maana vimebanwa na sumaku nene nyeusi, zile zinazotolewa nyuma ya spika kuukuu za redio. Mafundi wa mabango wote hufanya hivyo. Karatasi za kukatia herufi haziwezi kukaa juu ya bati bila sumaku. Katikati kabisa palikuwa na nafasi tupu, na sumaku kubwa kuliko zote bado ipo.

Somo la kwanza kabisa la chuo cha kompyuta, kabla hujafundishwa hata kuiwasha: disketi na sumaku ni nyumba na moto. Zeituni aliliona jibu zima kwa mara moja. Akamwambia. Kwa sauti ndogo, maana kubwa ilikuwa imekwisha, akamwambia hiyo sumaku imefuta kila kitu.

Na Badru akacheka.

Hakucheka kidogo. Alicheka kama siku ile ya ngazi, mkono tumboni, kisha akasema, "Basi ni birika tu, Zeituni. Tutachemsha lingine."

Zeituni alitazama ule mdomo unaocheka. Akageuka, akabandika kiganja chake chote juu ya bango la kinyozi lenye rangi mbichi, akakiburuta kutoka juu hadi chini, akaondoka.

*

Alifika kiwandani saa tano, matope hadi kwenye kifundo, mkono wa bluu. Agneta alimkaribisha kiti, akautazama mkono.

"Umefanya nini mkono huo?"

"Umekasirika," Zeituni akasema. "Mama, sina picha. Disketi imefutika. Sijui kwa nini nimekuja."

Agneta hakumwambia pole. Alisema wote wanaokuja picha zao zimefutika, zimeibwa, au ziko kwa shangazi Nakuru. Akainama, akavua ndara yake ya mguu wa kushoto, akaiweka juu ya meza karibu na kompyuta. "Chora hii. Nina mkutano. Nikirudi nitaona."

Zeituni aliketi. Kipanya kilikuwa kipya, kizito. Rangi zilikuwa nyingi kiasi cha kutia kichefuchefu. Alikuwa na hasira na Badru, na sumaku, na ndara, na yule mama aliyekwenda mkutanoni na kiatu kimoja. Akafumba jicho nusu. Giza liko wapi? Chini ya kisigino, pale palipolika upande mmoja kwa sababu mwenyewe hutembea akiegemea. Akaanza na hilo. Hakufikiria tena. Mkono ulikwenda kama mtu anayerudi kwao gizani, hahesabu kona. Alipotaka rangi iliyokosekana, alipanda vitone vyake.

Agneta aliporudi, alisimama nyuma yake, akatazama skrini, akaitazama ndara. Kisha akacheka kidogo, akasema kwamba daktari wa mifupa alimwambia anaegemea kushoto, akambishia, na sasa anaona.

"Niambie ukweli," akasema. "Zile zilizofutika zilikuwa nzuri kuliko hii?"

Zeituni alitaka kusema ndiyo. Alitamani kusema ndiyo ili msiba wake uwe msiba. Lakini aliyapitisha mbele ya macho yake yale mabirika, moja moja: bata, bata mwenye nafuu, madoa, hata lile la mwisho alilolionea fahari. Lile la mwisho lilikuwa na mkono uliokosewa. Alijua sasa kwamba angeyaleta yote, Agneta angeanza na bata na kuishia hapo hapo.

"Hapana," akasema, na neno lilimtoka kama jino.

Akaambiwa aanze wiki ijayo. Alishukuru kwa adabu, akatoka nje, na kwenye ngazi za kiwanda akalia kwa ghadhabu. Alikuwa amepata kazi, na hata haki ya kumlaumu mtu vizuri alikuwa amenyang'anywa.

*

Beldina ndiye aliyemrudishia haki hiyo. Jioni alimwambia jambo ambalo alikuwa amelificha, asiharibu mapenzi ya watu. Alimsikia Badru hotelini, mbele ya mafundi wenzake, akisema mashine hizi zikiendelea hivi mafundi wa mabango watakula brashi zao, na siku moja yeye ataitafutia ile ya Zeituni dawa. Meza nzima ilicheka.

"Dawa gani, Beldina?"

"Sasa unaniuliza mimi? Wewe ndiye umeiona dawa."

Basi. Simu zilipolia, Zeituni alizikata. Badru alipiga asubuhi, akapiga mchana, akamtuma hata Beldina, naye Beldina alikataa kutumwa. Kisha simu zikakoma. Watu wakasema kwamba amekwenda Asembo Bay, kuna mwenye maboti kampa kazi ya kuandika majina. Zeituni alipandwa na hasira mpya, mbaya kuliko ya kwanza. Mtu amekukosea, kisha anachoka kabla yako?

Kazini kwake alichora lebo mchana kutwa, na ikifika saa saba, wenzake wakienda kula, alibaki kwa mazoezi yake, maana mwili ulishazoea. Siku moja hakuwa na kitu cha kuchora ila hasira. Akaamua kulichora lile bati la Nyalenda kwa kumbukumbu, na zile sumaku, amtazame adui usoni.

Alianza na giza: duara nene jeusi. Kisha nafasi tupu ya disketi. Kisha kando yake kulikuwa na karatasi. Mkono ukasita. Alijua kulikuwa na karatasi za wateja, bili, takataka za fundi. Alikuwa amezitazama akiwa na macho mekundu. Lakini alikuwa amejifundisha kwa muda mrefu kutochora anachokijua. Akafumba jicho, akaingoja picha yenyewe ije.

Ikaja. Upande wa kushoto haikuwa bili. Ilikuwa picha ndogo ya pasipoti, pembe imekatika, ya mwanamke mwenye leso. Mamake Badru, aliyekufa Badru akiwa mdogo, na picha yake duniani ni hiyo moja. Badru alimsimulia ufukweni siku ya samaki, akageuza maneno haraka kuwa mzaha. Upande wa kulia, kile cheusi kidogo alichodhani ni gundi, ilikuwa hirizi aliyofungwa na nyanya yake alipotoka Mumias. Juu yake ufunguo wa chumba. Na katikati ya mama na hirizi, chini ya sumaku kubwa kuliko zote, ndipo alipopewa yeye mahali.

Zeituni aliondoa mkono kwenye kipanya. Mtu anayetaka kukuua hakuziki karibu na mamake.

Dawa ile ya hotelini ilikuwa ni mdomo tu, ule mdomo wake usio na breki. Hilo sasa alilijua kama anavyojua kivuli kiko upande gani. Lakini kile kicheko je? Kicheko hakikuwa cha hotelini. Kilikuwa mbele ya uso wa Zeituni mwenyewe.

*

Asembo Bay alifika Jumamosi mchana. Maboti yalikuwa yamevutwa mchangani, akina mama walikuwa wanagombania samaki na kutupiana matusi ya kirafiki kwa Dholuo, na kwenye ubavu wa boti moja Badru alikuwa amepiga magoti anajaza herufi. Alikuwa amekonda. Alipomwona, brashi ilisimama hewani, na Zeituni akauona mdomo ule ukianza kupinda kutafuta mzaha.

"Usithubutu," akamwambia. "Ukisema neno la kuchekesha, narudi, na hutaniona tena mpaka siku ya kiama. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Kwa nini ulicheka?"

Akina mama wa samaki wakajifanya wanapanga samaki.

Badru aliiweka brashi chini. Ilimchukua muda, ungeona mizaha inakuja mpaka kwenye koo na kurudishwa mmoja mmoja.

"Siku ya kumzika mama yangu nilicheka," akasema. "Nilikuwa mdogo. Wakati wanamshusha. Mjomba Seif alinipiga kofi mbele ya watu, nikazidi kucheka. Mimi nikiogopa sana, Zeituni, ndicho kinachonitoka. Sikioni kikija. Siku ile uliponiambia imefutika, nilijua wewe umekwenda. Sikuwa na kitu kingine mdomoni."

"Na ile ya kuchemsha lingine?"

"Hiyo ilikuwa ujinga. Hiyo haina sababu."

Hapo angalau alisema kweli. Zeituni alimtazama. Alimwambia amepata kazi. Akamwambia na lile lililokuwa linamkeketa tangu siku ile, kwamba zile picha zilikuwa mbovu, kwamba angeenda nazo angerudishwa, na kwamba ndara aliyoichora kwa hasira yake juu ya Badru ndiyo iliyompa kazi.

"Kwa hiyo umenifanyia wema," akasema, sauti ikipanda. "Bila kutaka. Bila hata kujua. Ukanicheka juu yake. Sasa nikukasirikie vipi? Kila nikishika hasira yangu, inaniponyoka. Unajua inavyochosha?"

"Nisamehe."

"Sikusamehi. Nani amekwambia nasamehe? Hasira niliyo nayo juu yako haiishi leo, haiishi mwaka ujao. Nimeipima, Badru. Ni ya kutosha mpaka tuzeeke. Nahitaji mahali pa kuimalizia." Alishusha pumzi. "Mwambie Mjomba Seif aje amwone Baba."

Mama mmoja wa samaki aliangusha besheni. Badru alifungua mdomo, na Zeituni akakunja ngumi tayari, maana alikijua kile kicheko na alijua kwamba safari hii woga ni mkubwa kuliko mara zote. Midomo ilitetemeka. Macho yakajaa maji.

"Ijumaa," Badru akasema. "Baada ya swala."

Hakucheka.